Naomba ushauri: darasa langu la IELTS linaandika vizuri lakini halizungumzi

MwalimuWaJioni

Wakuu, heshima kwenu. Ninafundisha darasa la jioni hapa Mwanza, la watu wazima wanaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza cha wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje. Wako 24: wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza, wahitimu wa vyuo wanaoomba nafasi za shahada ya pili, na wawili watatu wanaowafuata wenza wao nje ya nchi. Tunakutana mara tatu kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, na wengi wao watakaa kwenye mtihani baada ya wiki tisa.

Kinachonisumbua ni somo la kuzungumza. Hawa ni watu wanaokijua Kiingereza. Wamekitumia kama lugha ya kufundishiwa tangu kidato cha kwanza, insha zao zinasomeka, na mazoezi ya kusikiliza wanayafanya bila shida kubwa. Lakini nikimwambia mmoja aeleze kwa dakika mbili habari za mtu aliyewahi kumsaidia, anasema sentensi tatu, anatabasamu, anatazama chini, anakaa. Nikiwaweka wawili wawili, baada ya dakika moja nasikia Kiswahili, na baada ya dakika mbili nasikia Simba na Yanga. Isitoshe, wapo sita waliotoka kituo kingine ambako walikaririshwa majibu: ukiwauliza kuhusu mji wao wanatiririsha aya nzima bila kupumua, ukiligeuza swali kidogo tu wanakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Hadi sasa nimekuwa nikiita mmoja mmoja mbele, namsikiliza, namsahihisha papo hapo, kisha namwita mwingine. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kila mtu anazungumza chini ya dakika tatu kwa kipindi, huku wengine 23 wamekaa wanapigwa na upepo wa feni. Nilipangeje darasa hili ili wote wazungumze, na wazungumze kwa namna itakayowafaa mtihanini?

MzeeWaMitihani

Mwalimu, hesabu uliyoipiga mwenyewe imekwisha kukuonyesha kasoro ilipo. Mtihani wa kuzungumza wa IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, mtahiniwa na mtahini mmoja wakiwa ana kwa ana, na sehemu kubwa ya muda huo anayepaswa kusikika ni mtahiniwa. Mwanafunzi anayesimama mbele ya watu 23, akikatizwa kila anapokosea, anafanyishwa mazoezi ya kuhutubia huku akiaibishwa, na hicho hakimo katika mtihani wowote ninaoufahamu.

Panga mabenchi katika safu mbili zinazotazamana, watu 12 huku na 12 kule. Safu ya kwanza izungumze kwa dakika nne kuhusu mada uliyotoa, na safu ya pili isikilize bila kukatiza. Ukipiga makofi, safu ya kwanza inasogea nafasi moja, na kila mmoja anamsimulia msikilizaji mpya habari ileile, ila safari hii kwa dakika tatu. Kisha inasogea tena na kusimulia kwa dakika mbili. Baada ya hapo zamu inakuwa ya safu ya pili. Kwa muda usiozidi dakika 20 kila mtu darasani amezungumza dakika tisa, yaani zaidi ya mara tatu ya anazopata sasa kwa kipindi kizima. Mara ya kwanza mtu anahangaika na mambo mawili kwa pamoja, cha kusema na namna ya kukisema. Mara ya tatu cha kusema anakijua, kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye lugha, na utamsikia mwenyewe anavyoacha kusitasita. Na kwa kuwa msikilizaji amebadilika, kurudia hakumchoshi yeyote.

Wewe usikae mezani. Zunguka na daftari, andika makosa bila majina ya waliokosea, na dakika kumi za mwisho weka makosa sita ubaoni wayarekebishe wao wenyewe. Bila shaka utakutana na “my mother, he”, kwa sababu “yeye” yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke, na utakutana na “I have seen him yesterday”, kwa sababu kwetu mtu husema “nimemwona jana” na hakuna anayeshtuka. Makosa ya aina hiyo yakionekana ubaoni wiki tatu mfululizo, watu huanza kucheka na kujirekebisha kabla hujafungua kinywa.

MuuguziMsafiri

Nachangia kama mtu aliyeukalia mtihani huu mara mbili. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linataka bendi 7, yaani alama 7 kati ya 9, katika kuzungumza, nami mara ya kwanza nilipata 6.

Mtahini aliniuliza kama napenda kupika. Nikajibu kwamba ndiyo, napenda, kisha nikanyamaza nikimngoja. Ndivyo nilivyolelewa: mtu mzima akikuuliza neno, unajibu ulichoulizwa, na kuongeza maneno mengi mbele yake ni kukosa adabu. Katika sehemu ya tatu, ambako maswali yanakuwa mapana na unatakiwa kutoa maoni yako, nilikuwa nikijaribu kusoma usoni kwake anapenda jibu lipi ili nikubaliane naye. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maoni yenyewe hayana alama, na kwamba wanachopima ni vitu vinne vyenye uzito sawa, ambavyo ni mtiririko na mpangilio wa mazungumzo, msamiati, sarufi, na matamshi. Baya zaidi, katika sehemu ya pili, ambako unazungumza peke yako hadi dakika mbili kuhusu mada uliyopewa, alinikatiza nikiwa katikati ya sentensi, nikadhani nimemkera, na tangu hapo sauti ikanitetemeka hadi mwisho. Kumbe dakika zangu mbili zilikuwa zimekwisha, na yeye anafuata saa tu. Mwalimu, waambie wanafunzi wako jambo hili mapema, tena wakatize kwa makusudi darasani, dakika mbili zikifika, hadi wazoee.

Mara ya pili nilijiwekea sharti pamoja na mwenzangu wa zamu ya usiku: kila jibu lazima libebe sababu na mfano mmoja kutoka maishani mwetu. Mwanzoni tulikuwa tunatunga mifano ya ajabu ajabu ili kutimiza sharti, lakini baada ya mwezi ikawa desturi, hata nikiulizwa saa ngapi nilikuwa natoa sababu.

MkaliWaSarufi

Naona mnawadekeza watu wazima. Dawa ya Kiswahili darasani ni faini ya shilingi 500 kwa kila neno. Enzi zetu anayezungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na Kiingereza tulikijua.

MwalimuWaPwani

Ndugu yangu hapo juu, nami huku Mombasa nilivishwa kitu hicho, sisi tukikiita diski, na somo nililolipata ni kwamba asiyefungua kinywa haadhibiwi. Wengi wetu tulimaliza shule tukiwa mabingwa wa somo hilo. Mwalimu ana watu 24 walionyamaza tayari. Faini itawanyamazisha kwa gharama.

Tena tutazame walikotoka. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne Tanzania ni wa kuandika. Hauna mahali ambapo mtahiniwa anafungua kinywa. Huku Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza kidato cha nne, ina sehemu ya stadi za mazungumzo yenye alama 30, ila nayo hujibiwa kwa kalamu: unaandika neno linalotamkwa sawa na lingine, unaonyesha mkazo unakaa wapi, unaeleza kwa maandishi jinsi ungeliwasilisha shairi mbele ya watu, na chumba kizima kiko kimya kama msiba. Mtu aliyepita njia hiyo akafaulu, leo unamweka mbele ya mtahini aliyewasha kinasa sauti, lazima ashtuke.

Kuhusu wawili wawili kuteleza na kuingia katika Kiswahili, mara nyingi hutokea kwa sababu kazi waliyopewa imekwisha nao hawana la kufanya. Jaribu watatu watatu. Mmoja awe mtahini mwenye maswali mkononi, mmoja mtahiniwa, na wa tatu awe na karatasi ya kuangalia kitu kimoja tu, kwa mfano mara ngapi mtahiniwa ametoa sababu, au ni maneno gani ameyarudia kupita kiasi. Kila baada ya dakika tano wanabadilishana. Aliye na karatasi hana nafasi ya kuzungumzia mpira. Na Kiswahili chenyewe kipe mlango wake halali: katika sehemu ya pili mtahiniwa hupewa kadi ya mada, karatasi na penseli, na dakika moja ya kujiandaa, na hakuna anayekagua ameandika kwa lugha gani. Wafundishe kuandika maneno matano au sita ya kushikilia njia, hata kama mawili ni ya Kiswahili, badala ya kuanza kuandika sentensi ambazo muda hautawaruhusu kuzimaliza.

Niongeze neno la matamshi, maana hapa sisi Waswahili tuna mtaji tunaousahau. Sauti mbili zinazowatesa wanafunzi wa nchi nyingi tunazo tangu utotoni: anayesema “thelathini” anaweza kusema “think”, na anayesema “dhahabu” anaweza kusema “this”, mradi umwonyeshe kwamba ni sauti ileile. Panapotuangusha ni mkazo, kwa kuwa Kiswahili huuweka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kiingereza unahama hama, na vilevile irabu, kwa kuwa tunazo tano tu, hivyo “ship” na “sheep” vinywani mwetu huwa neno moja. Lafudhi yenyewe isiwape hofu. Hakuna anayewataka wasikike kama watu wa London, ilimradi wanaeleweka bila msikilizaji kujikamua.

MwalimuWaJioni

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na maswali mawili. Wale sita waliokariri niwafanyeje, maana ndio wanaojiona wako mbele ya wenzao? Na chumba chetu kina paa la bati. Mvua ikinyesha, watu 12 wakizungumza kwa pamoja, msikilizaji hasikii kitu.

MzeeWaMitihani

Kwa mvua, sogeza mabenchi yakaribiane magoti kwa magoti, au siku hiyo wape kazi ya kujirekodi kwa simu kila mtu kwenye kona yake.

Waliokariri usiwagombeze, kwani walilipia majibu yale kwa fedha zao. Wageuzie kadi. Aliyekariri habari za mtu aliyemsaidia, mpe kadi inayomtaka aeleze alivyomsaidia mtu akashindwa. Katika zile safu mbili, mpe msikilizaji wake ruhusa ya kumwuliza swali katikati: huyo mjomba alikuwa amevaa nini, ulijuaje kwamba amekasirika, kwa nini hukumpigia simu? Majibu ya kukariri hayana mjomba wa kweli ndani yake, na hilo ndilo mtahini analolinusa mapema, kwa kuwa amefunzwa kulitambua. Mmoja akikwama mara mbili mbele ya mwenzake wa kawaida, ataiweka karatasi yake pembeni bila kuambiwa.

MwalimuWaJioni

Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Dakika nne zilikuwa mlima, nusu ya safu ilinyamaza kabla ya dakika ya pili kuisha, nikashuka hadi mbili, moja na nusu, na moja. Wiki hii ndipo tumefika tatu, mbili na nusu, na mbili. Watatu watatu inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na kwa kweli anayeshika karatasi amekuwa mkali kuliko mimi. Waliokariri wamebaki wawili. Kujirekodi na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp kumekuwa na ugomvi wa bando, kwa hiyo sasa wanarekodi nyumbani na tunasikilizana darasani moja kwa moja kutoka kwenye simu zao.

Bado nina mama mmoja, muuguzi mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, anayenong’ona. Sarufi yake ni safi kupita ya wote, lakini aliyekaa naye goti kwa goti hamsikii. Nikimwomba apaze sauti anaomba radhi, kisha anaendelea kunong’ona.

MuuguziMsafiri

Huyo mama anatoa ripoti ya zamu kila asubuhi mbele ya daktari na wauguzi wanaompokea, na nakuhakikishia kwamba pale hanong’oni, kwa sababu akinong’ona mgonjwa anapewa dawa mara mbili. Usimwombe sauti. Mwombe ripoti ya zamu kwa Kiingereza, asimame kama anavyosimama wodini, mkononi awe na daftari. Akishamaliza, bila kumpa nafasi ya kukaa, mwulize ni mgonjwa gani katika miaka yake yote kazini hawezi kumsahau.

MwalimuWaJioni

Jumatatu yeye ndiye atakayeanza. Nitaleta mrejesho.