"Shaba ni shaba bosi wangu": nimelipia kisu cha mpini wa brasi (shaba ya njano), nimeletewa kopa (shaba nyekundu), na hela sirudishiwi

Wakuu, salamu. Uzi mrefu na nimeuandika na hasira. Asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni fundi wa viti vya magari na maturubai, nipo Tanga. Kazi yangu kutwa nzima ni kukata: reksini, sponji, kamba, uzi wa nailoni. Kisu cha kukunja kinalala mfuko wa kulia wa suruali siku zote. Kile cha zamani mpini wake wa mti ulipasuka, nikasema safari hii nanunua kitu cha kudumu, hata kama bei itauma.

Nikaona tangazo mtandaoni la muuzaji wa Kariakoo. Kisu cha Kijapani, aina ya higonokami. Wanaovijua wanaelewa ninachosema: visu vya asili ya mji wa Miki huko Japani, havina mbwembwe. Bati limekunjwa likawa mpini, ribiti moja inayoshika bapa na mpini, na kijimkia cha kusukuma kwa gumba. Loki hakuna. Kinachozuia bapa lisikurudie vidoleni ni ribiti iliyobana na hilo gumba lako, basi. Kwenye picha mpini wa njano unang'aa kama dele la kahawa lililosuguliwa jana. Maelezo yakasema "mpini shaba tupu, orijino". Sikuwa mjinga, niliuliza: shaba yenyewe ndiyo hii ya kwenye picha? "Ndiyo bosi wangu, shaba kabisa." Nikatuma 85,000 na 5,000 ya basi.

Nafungua kifurushi pale pale stendi. Mpini mwekundu, rangi ya waya wa umeme uliochunwa sasa hivi.

Nikapiga simu. Nayaandika mazungumzo kama yalivyokuwa:

"Kaka, mimi nimelipia ya njano."
"Kwani hiyo si shaba bosi?"
"Hii ni kopa."
"Na kopa si ndiyo shaba? Shaba ni shaba bosi wangu. Tena umepewa ya bei juu, waulize wanunua skrepa."

Toka hapo tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Sasa kinachonichoma ni kwamba kwa neno lenyewe hajadanganya! Kiswahili chetu kimempa pa kujificha. Katanga ya Kongo iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997 kwa ajili ya kopa iliyoko ardhini kule, hii hii inayopita Tunduma kwenye malori kwenda bandari ya Dar. Nenda Mji Mkongwe Unguja, zile njumu za njano kwenye milango ya kale utaambiwa za shaba, na ni brasi. Simbu alipotuletea medali ya marathoni kutoka London 2017 redio zote zikasema medali ya shaba, na hiyo ni aina ya tatu tena, kopa iliyochanganywa na stani. Vitu vitatu, jina moja. Wahenga walijua kutofautisha, ndiyo maana tuna shaba nyekundu na shaba ya njano. Na mafundi tunasema kopa na brasi, hakuna anayechanganya. Muuzaji aliyeweka picha ya njano alijua anachofanya, au hajui anachouza. Sijui kipi kibaya zaidi.

Kuna watakaosema "si kisu tu, tumia". Nimekitumia wakuu. Wiki tano.

Brasi ni kopa na zinki. Ile zinki ndiyo inayoipa ugumu na ile tabia ya kurudi ilipokuwa ukiiminya. Kopa tupu ni laini. Kwenye mpini uliochongwa kutoka kipande kinene labda usione tofauti kubwa, utaona michubuko tu kila kikianguka. Lakini kwenye bati lililokunjwa, uhai wote wa kisu upo kwenye mbano. Changu wiki ya pili mdomo wa mpini ukaanza kuachama. Ribiti ikalegea, bapa likawa linacheza. Nikakilaza juu ya kipande cha reli nikaigonga ribiti kwa nyundo, ikabana siku mbili. Nikagonga tena, siku moja. Wiki ya nne nakata kamba ya turubai la fuso, nimeelemea, gumba likateleza kwa jasho, kikajifunga. Kidole cha shahada, upande wa ndani, mpaka nikaona weupe. Nashukuru haikufika mshipa. Siku nne sikushona, na mwenye fuso akaenda kwa fundi mwingine.

Halafu jasho. Tanga hii mnaijua, saa nne asubuhi shati limeshalowa. Jasho lina chumvi, na chumvi na kopa ni ugomvi. Mfuko wa suruali kwa ndani umegeuka kijani. Nikajisahau nikakiweka kwenye mfuko wa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa. Natoka msikitini mzee mmoja ananiambia, "Mwanangu, umekalia rangi?" Mama watoto kafua na ndimu na chumvi, doa limepungua ila halijatoka. Mikono nayo inanuka ile harufu ya sarafu za zamani, nikila embe naisikia. Kuna sababu sufuria za shaba za zamani zilitiwa bati kwa ndani jamani.

Na ukikiacha benchi juani, kukishika ni adhabu. Kopa inapitisha joto zaidi ya mara tatu ya brasi.

Nisiwe mnafiki, brasi nayo inafifia na ina harufu yake. Ila inafifia taratibu, na ukwaju kidogo na kitambaa unairudisha. Na nakubali kopa ni nzuri kwa macho, kila wiki ina rangi yake, mara waridi, mara kahawia. Mwenye kukusanya visu akaviweka kabatini, achukue kopa, itamfurahisha. Mimi sina kabati. Nina mfuko.

NYONGEZA, nimesoma maoni yenu:

Aliyesema kopa inaua vijidudu: kweli mkuu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilisajili aloi za shaba, yaani michanganyiko yake, kwa sifa hiyo mwaka 2008, na brasi kadhaa zimo humo humo. Kwa hiyo hoja yako hainipeleki kwenye kopa. Halafu mimi nakata reksini, sipasui watu.

Aliyesema ningepima kwa sumaku: sumaku haishiki kopa wala brasi. Itakusaidia kumkamata aliyepaka rangi chuma, hapo sawa. Uzito nao haukusaidii kwa mkono, kopa ni gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, brasi inacheza 8.4 hadi 8.7, nani ana mkono wa kuhisi hiyo? Njia ni kutumia tupa. Kwaruza mahali pasipoonekana: pakiwa pa njano ni brasi, pekundu ni kopa, peupe umepigwa, ndani kuna kitu kingine kimevalishwa tu. Lakini haya yote unayafanya kisu kikiwa mkononi. Mimi nilinunua picha.

Fundi umeme uliyesema unakitamani na nikuuzie: ndugu yangu, mpini wa kopa kwenye kazi yako? Una watoto.

Na wewe uliyeniita mshamba kwa kuagiza bila kuona, wewe shati ulilovaa ulilijaribia wapi?

Jina la muuzaji silitaji hapa, mods (wasimamizi wa jukwaa) wataufuta uzi. Leo asubuhi nimeona kapandisha tangazo lile lile, picha ile ile ya njano, bei imepanda ikawa 95,000. Chini kaongeza maneno mawili: "rangi yoyote".

Kisu nimekifunga kwenye gazeti, kipo tayari kurudi kwa basi hata kesho, nauli nitalipa mimi. Nataka 85,000 yangu. Gazeti lenyewe limeshaanza doa.