Uzi wa tunaopanda daladala na ulemavu: tupeane uzoefu

Gongo la Mpera: Wakuu, jana hapa Dar, Buguruni, konda kamwambia mama mwenye magongo "bi mkubwa, subiri inayofuata". Imenikumbusha mengi. Fungukeni.

Magurudumu Mawili: Yangu Rangi Tatu, asubuhi, watu wanapandia madirishani. Vijana wawili wakanibeba, mmoja kwapani mmoja miguuni, wakanitua siti ya nyuma ya dereva. Nauliza kitimwendo changu kiko wapi, konda ananijibu "tulia bro, siti si unayo?" Kumbe kakiacha barabarani na gari ishachanganya! Nikapiga kelele mpaka dereva akasimama Zakhem. Dada nisiyemjua akashuka, akachukua boda kurudi. Huku abiria wananisonya, eti nawachelewesha kazini. Karudi kakikumbatia kiti, gurudumu moja linazunguka hewani. Kamkuta muuza mihogo amekikalia anapepea jiko. Hela ya boda akakataa.

Tausi wa Temeke: Amekikalia?? 😂 Pole lakini.

Sioni Nasikia: Sisi wasioona tunahesabu matuta, maana konda akiamua kutotaja vituo ndo basi. Walipoongeza tuta moja nikashushwa kwa watu.

Mtoto wa Kota: Panda geuza, yaani dandia gari likielekea mwisho wa njia urudi nalo. Lipa mara mbili, siti unachagua.

Gongo la Mpera: Mlemavu ndo alipe mara mbili? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, we unatuletea geuza!

Mtoto wa Kota: Sheria haimbebi mtu mlangoni, mzee.

Konda Mstaafu: Mtanitukana, ila tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe foleni. Dakika tano kituoni, mwenzako kashakupita na abiria wako. Na coaster ina ngazi, mlango wenyewe mwembamba.

Tausi wa Temeke: Ndo maana nasifia mabasi ya mwendokasi. Tangu 2016 jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, dereva akilisogeza vizuri unaingia kama sebuleni.

Magurudumu Mawili: Kutoka kwangu mpaka kituoni ni mchanga mtupu, dada. Nipande bajaji ili nikapande basi?

Sioni Nasikia: Kwenye daladala kaa mbele, umkumbushe dereva kituo chako.

Konda Mstaafu: Mbele usikae, utashikishwa mizigo ya watu.

Mtoto wa Kota: Magurudumu, yule dada wa boda ulichukua namba?

Magurudumu Mawili: Simu ilikuwa haina chaji.

Tausi wa Temeke: Bwege wewe.