Naomba ushauri: vyombo vya kunywea vya marehemu nyanya

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyanya yetu wa Mji wa Kale ametangulia mbele ya haki, na sanduku la vyombo vyake nimekabidhiwa mimi. Mna vifinjani vya kahawa visivyo na mkono, kata ya kifuu cha nazi, kikombe cha shaba nyekundu, na bakuli la kauri la Kichina, samawati kwa nyeupe, lililokuwa likikaa kwenye kidaka cha ukutani.

Bakuli ndilo linalonikosesha usingizi. Lina ufa, na kwa nje limeshonwa kwa pini tatu za chuma. Moja imeota kutu; ukipitisha kidole unahisi ncha imeinuka. Nikiing'oa naogopa litaachana. Fundi mmoja kaniambia nitie gundi kali tu, moyo wangu umekataa. Kauri za Kichina zilishushwa pwani hii karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na nyingine zimehifadhiwa mle ngomeni. Je, wahusika wa makumbusho hupokea mtu mwenye chombo cha nyumbani?

Kikombe nacho, bati la ndani limechubuka. Kitu kichachu kama ukwaju huila shaba ikaingia kwenye kinywaji, kwa hiyo watoto nimewakataza. Mombasa bado kuna fundi wa kutia bati?

Kata nayo, niipake mafuta ya nazi au niiache kavu?

Kuuza sitaki kabisa. Mwenye ujuzi anisaidie, tafadhali.