Methanoli kwa chupa ya maji: mnaamini namba ya panya?

Wadau wa Kisumu, na hata nyinyi wa Nakuru, leo tubishane kidogo. Juzi nimeenda soko la Kibuye kutafuta thina ya kuchanganyia rangi, jamaa akanipimia methanoli, ile spiriti ya viwandani, kwa ile chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, hakuna lebo hakuna nini, nikamuuliza mbona hivi akachomoa karatasi imechakaa akanionyesha ati dozi inayoua nusu ya panya ni miligramu 5,628 kwa kila kilo ya mwili na ya ethanoli, ile ya bia, ni kama 7,060, sasa tofauti iko wapi? Nikakosa jibu, na namba zenyewe ni za kweli. Lakini mimi nasema isiuzwe rejareja bila lebo na bila kutiwa rangi ya kuitambulisha. Semeni.

Muuza rangi, Nakuru: Sasa unataka kutufungia kazi. Piga hesabu, mtu wa kilo 70 hapo anahitaji karibu nusu lita nzima, nani ataimeza kwa bahati mbaya? Petroli pia ni sumu na inauzwa kila kona. Mshike anayeichanganya na pombe, mimi uniache.

Mwenye mada: Hiyo hesabu yako ndio itaua mtu bwana. Wewe si panya! Ini linageuza methanoli kuwa formaldehidi halafu asidi ya fomiki, panya hiyo asidi anaiondoa haraka lakini binadamu na nyani wanakawia nayo, inajaa kwa damu mpaka seli zinashindwa kutumia oksijeni na neva ya jicho inaumia vibaya sana. Kuna watu wamepofuka kwa mililita 10 tu, hivyo ni vijiko viwili vya chai, na mililita 30 imeshaua. Linganisha na nusu lita yako. Halafu cheki hii, ule mfumo wa kimataifa wa kuweka alama kwa kemikali, kwa vitu vya kumeza unaishia 5,000, kwa hivyo tungefuata panya peke yake methanoli ingepita bila alama ya sumu ya kumeza. Lile fuvu liko kwa mtungi kwa sababu ya yale yamewapata watu.

Nesi mstaafu, Kakamega: Mimi naogopa saa kuliko dozi. Mtu anakunywa jioni, analewa kidogo, analala, anaamka vizuri tu, dalili zinaweza kukawia saa 12 mpaka 24 ndio anaanza kutapika na kusema naona ukungu. Nyumbani wanasema ni hangova wanampa supu. Akifika kwetu anataka kusafishwa damu kwa mashine, na dawa moja ya kuzuia ile sumu ni ethanoli yenyewe, inalishughulisha ini lisiiguse methanoli. Msicheke, ndio tiba.

Wa Obunga: Hizi lebo mnaandikia nani? Wale zaidi ya 130 waliokufa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka wa 2000 kwa ile pombe haramu ya kumi kumi, kuna aliyeonyeshwa mtungi? Huku kinywaji kinakuja kwa glasi, usiku, stima zimepotea. Na mwenye tamaa atatoa rangi ama aiite ni chapa mpya.

Mwenye mada: Mlevi hasomi, hapo umenishinda. Lakini mtoto wangu wa miaka sita anajua chupa ya maji ni ya maji. Nimefika nyumbani na ile chupa nikaiweka juu ya kabati na bado sikulala vizuri.

Muuza rangi, Nakuru: Haya, chupa ya maji nakubali, huo ni ujinga na mimi pia nimewahi kuufanya. Kuanzia sasa mteja aje na mtungi wake na mimi nibandike fuvu. Ya rangi bado napinga, fundi akichanganyia vanishi methanoli ya bluu na kiti cha mteja kigeuke rangi, utalipa wewe?