Nataka kuwania uwakilishi wadi bila chama, Faza (Lamu Mashariki). Nianze wapi?

BintiSiyu
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina miaka 29, kwetu Siyu. 2027 inshallah nataka kuwania wadi ya Faza, na chama sitaki. Wa vyama wakikujia huuliza kwanza una pesa ngapi, na hiyo kura ya mchujo kila mtu ajua inavyopikwa. Nasikia mgombea huru lazima apeleke sahihi za watu. Ngapi? Kuna jingine nisilolijua? Ami yangu ashasema napoteza wakati.

Mzee Kikoi
Waaleikum salaam mwanangu. Ami yako ana lake. Kushinda bila chama kwawezekana. Kawira Mwangaza alichukua ugavana wa Meru 2022 akiwa huru. Lakini bunge la kaunti lilimwandama mpaka Seneti ikamng'oa 2024. Asiye na chama hana wa kumtetea ndani. Lipime hilo kabla ya kuhesabu sahihi.

Wakili wa Gatini
Mzee, huyu hatafuti ugavana. Lamu ina wadi 10 tu. Mwakilishi anayejua kuzungumza na wenzake atasikika.

Dada, kabla ya Katiba ya 2010 swali lako lisingekuwa na maana: bila chama, huingii debeni. Sasa Ibara ya 85 yakuruhusu. Sahihi ni 500, za wapiga kura waliosajiliwa kwenye wadi hiyo hiyo (mbunge 1,000, seneta 2,000). Lakini kinachowaangusha watu zaidi ni uanachama. Usiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo Mei ikiingia jina lako liwe lishatoka. Wala usiniambie hujawahi kujiunga. 2021 Wakenya wengi walijikuta kwenye orodha za vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ujitazame.

BintiSiyu
Nimeingia. Subhanallah! Nimo kwenye chama ambacho hata kadi yake sijaiona.

Wakili wa Gatini
Karibu kundini. Kiandikie barua ya kujiuzulu, nakala umpelekee Msajili wa Vyama, na uweke ithibati kwamba imepokewa. Fanya sasa. Ukingoja msimu wenyewe utabanana na walioangushwa kwenye mchujo, wote wakimbilia mlango huo huo.

NahodhaMstaafu
Nimewahi kuwa wakala wa mgombea huru, nisemeze kidogo. Usikusanye sahihi 500 kamili. Watu wa Pate na Kizingitini wengi kura zao ziko Mombasa au Lamu mjini, na mtu atakutilia sahihi kwa mapenzi tu bila kukwambia. Kusanya hata 700. Nambari ya kitambulisho iandike ukikitazama chenyewe, usiandike ya kutajiwa. Wasio na chama ndio wa kuwaendea kwanza, wasije wakakutilia doa. Na usinunue sahihi hata moja! Ukimlipa mtu Siyu asubuhi, jioni Mbwajumwali bei ishapanda.

Ada ya tume ya uchaguzi si kitu: kwa kiti hiki 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na vijana, wanawake na walemavu nusu yake. Pesa itakwisha kwa mawakala. Chama kina watu wake kila kituo. Wewe ni juu yako. Kila kituo wataka mtu wa kukaa mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, atie sahihi Fomu 36A (ya matokeo ya kituo) na atoke na nakala. Mtafute wa kijiji hicho hicho, tena mwenye moyo. Wa kumvusha kwa boti atataka mafuta, chakula na pa kulala, na usiku akisinzia ndio basi. Sisi kituo kimoja tulikosa mtu kabisa, na mpaka leo matokeo yake twayasikia kwa wapinzani.

BintiSiyu
Shukran sana, kaka. Hilo la mawakala sikulifikiria hata kidogo. Na alama je? Nilikuwa nataka jahazi.

Wakili wa Gatini
Alama yapelekwa tume angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, na isifanane na ya chama. Peleka jahazi, lakini uwe na ya pili mkononi.

Mzee Kikoi
Wakilikataa jahazi, chora mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba. Ukifika Faza pitia kwangu nitie sahihi. Lakini ngoja kwanza nimwambie mjukuu anifungulie hiyo eCitizen, huenda na mimi nishaingizwa chama.