Naomba ushauri: tairi za STI, za barabarani na za Whistling Morans

Wadau, naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa. Nina Subaru Impreza WRX STI, tairi saizi 245/40R18. Ndiyo gari langu la kila siku Nairobi, na ndiyo ninayokimbizia kwenye uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans kule Athi River. Sina trela, kwa hiyo tairi za kukimbizia ndizo zitakazonirudisha kwa Mombasa Road, hata mvua ikinyesha.

Kwa sasa natumia Michelin Pilot Sport 4S. Mvuani ni nzuri sana, ila baada ya mizunguko michache ya nguvu zinapata moto, pua ya gari inakataa kuingia kona na kingo za nje za mbele zinalika vibaya. Nimevutiwa na Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71RS, zote za kiwango cha ulikaji (treadwear) 200, yaani mpira laini. A052 inasifiwa kwa kunata, lakini inaisha haraka. Je, kwenye madimbwi ya Aprili zinaaminika?

Za mtumba sitaki kabisa: mpira wa aina hii hukauka ukikaa, na gari linalosukuma magurudumu yote manne linataka seti inayolingana. Au nirekebishe kwanza kemba ya mbele (camber, yaani mlalo wa magurudumu)? Presha mnaweka ngapi zikiwa moto?