Wali wa jana: kuupasha moto mpaka utoe mvuke kunatosha?

MamaPacha_Manyatta

Habari za jioni, wazazi wenzangu. Naishi Manyatta, Kisumu, na ninauza samaki Kibuye. Saa kumi na moja alfajiri huwa nishafika ufuoni Dunga, kwa hiyo chakula cha mchana cha watoto hupikwa usiku: wali na maharagwe, siku nyingine nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja). Friji hatuna. Sufuria hufunikwa na kuachwa mezani, na wakitoka shule saa saba mama mkwe huwapashia.

Jumanne pacha mmoja alikula wali huo, na hata saa mbili hazikupita akaanza kutapika. Mwenzake aliukataa wali, akanywa chai na ndizi, na hakuumwa. Wali haukunuka wala haukuteleza. Mama mkwe anasema aliupasha mpaka ukatoa mvuke na moto unaua kila kitu, kwa hiyo tutafute sababu kwingine. Namheshimu sana, ndiye anayenilelea. Lakini nataka kujua: moto unatosha kweli?

NyarBondo

Pole kwa mtoto. Lakini kiporo tumekula tangu utotoni, ugali wa jana na chai ndio uliotupeleka shule. Angalia maji kwanza. Kipindupindu kimeshapita Kisumu mara nyingi, na mtungi usiofunikwa ni hatari kuliko wali.

Muuguzi_Lanet

Mama Pacha, mtoto anaendeleaje? Kama bado anatapika, ngoja dakika kumi kisha umpe maji ya ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) kijiko kimoja kimoja, polepole. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya.

NyarBondo ana haki kuhusu maji, yachemshwe au yatiwe dawa. Ila kutapika upesi hivyo baada ya wali kunanifanya niushuku wali wenyewe. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus anayekaa udongoni na kwenye nafaka. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Sufuria ikipoa polepole usiku kucha, tena kwa joto la Kisumu, mbegu hizo huamka, bakteria wakazaana na kutoa sumu ndani ya wali. Ukiupasha mchana, bakteria wengi watakufa, lakini sumu iliyokwisha kutolewa inabaki. Haina harufu, na mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompata mwanao bila kupima, ila dalili zinaelekea huko.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiwe cha moto kupita nyuzi joto 60 za Selsiasi, au cha baridi chini ya 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria hustawi, na meza yako iko hapo hapo usiku kucha. Maharagwe na nyoyo vilivyopikwa nisingeviacha hivyo pia.

MamaPacha_Manyatta

Asante sana, muuguzi. Ametulia, ameanza kunywa uji. Sasa nitamwambiaje mama mkwe bila aone namlaumu? Na nipike saa ngapi, jamani?

BabaWatatu_Kakamega

Dada, usimwambie aliharibu, maana hakuharibu. Alipasha vizuri, sumu ilishaingia usiku. Mwambie hivyo hivyo kwa adabu, kisha umwombe apike yeye mchana. Wewe usiku chagua mchele uuache mkavu kwenye mkebe, na uroweke ndengu. Yeye akiwasha jiko saa tano na nusu, saa saba watoto wanakuta chakula kinachofuka. Kwangu mama yangu ndiye hupika hivyo na anafurahi, maana zamani kazi yake ilikuwa kupasha tu. Omena kavu nazo zinakusaidia, unazikaanga siku hiyo hiyo. Na wewe unashika samaki wabichi kutwa nzima: ukifika nyumbani nawa kwa sabuni kabla ya kugusa sahani, na kisu cha samaki kisikate kachumbari.

NyarBondo

Hilo la sumu kubaki sikulijua. Na hotpoti je? Binti yangu hupika alfajiri akaweka humo.

Muuguzi_Lanet

Inafaa, mama, ikiwa chakula kinaingia kikiwa bado kinachemka na hotpoti imetiwa maji moto kwanza ili nayo iwe na joto. Kitakachobaki baada ya mchana kisingoje jioni humo. Na mkifungua mchana mkakuta wali ni vuguvugu tu, watoto wasiule.